Mwanangu Anasoma Falsafa: Je, Imani Yake Itapona?

Mama mmoja alinipigia simu usiku, na kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa nilidhani kuna msiba. Mwanawe alikuwa amemaliza muhula wa kwanza wa chuo, somo lake kuu likiwa falsafa. Alirudi likizo, na siku ya pili tu, wakiwa mezani, akauliza: "Mama, tunajuaje kwamba Mungu anatusikia?" Mama hakuwa na jibu. Usiku ule hakupata usingizi, na usiku uliofuata akanitafuta, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba nafundisha somo hilohilo. "Mwalimu, niambie ukweli," akasema. "Hiyo falsafa ndiyo inayowatoa watoto wetu kwenye imani?"

Tulizungumza saa nzima. Tangu hapo nimeulizwa jambo hilo mara nyingi, na kila mara naona mkanganyiko uleule. Upande mmoja wapo wanaosema falsafa ni mlango wa ukafiri, bora kijana asome kitu kingine chochote. Upande wa pili wapo wanaotamba kwamba ukishasoma falsafa huwezi tena kupiga magoti. Pande hizi zinagombana kila siku, lakini zinakubaliana katika jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa lenyewe: zote zinadhani kwamba kuhoji sababu za kuamini ni sawa na kuiondoa imani. Si kitu kimoja, na makala haya yataeleza kwa nini.

Maneno kwanza

Neno falsafa lilitufikia kupitia Kiarabu, nacho kililichukua kutoka Kigiriki, ambako maana yake ni kupenda hekima. Maana hiyo ya asili haitufikishi mbali, kwa sababu hekima hupendwa hata na mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu. Darasani, falsafa ni kazi ya kushughulikia maswali ambayo huwezi kuyamaliza kwa kupima wala kwa kuhesabu, kisha kudai sababu kwa kila jibu linalotolewa. Je, mtu ana hiari kweli? Wema ni nini? Mungu yupo? Ukijibu ndiyo, utaulizwa kwa nini. Ukijibu hapana, utaulizwa vilevile.

Neno imani lina mtego wake. Katika Kiswahili linabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mzigo wa kwanza ni kukubali kwamba jambo fulani ni kweli: kwamba Mungu yupo, kwamba roho haifi, kwamba kuna siku ya hukumu. Wakristo wengi wana kitenzi maalumu cha hilo, kusadiki. Mzigo wa pili ni kumtegemea mtu. Mgonjwa anaposema "nina imani na daktari wangu," hatangazi kwamba daktari yupo. Hilo halina ubishi. Anasema amejiweka mikononi mwake. Tazama na ndugu wa neno hili, yaani kuamini, amana na uaminifu, ambayo yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya usalama na kutegemeka.

Falsafa inaugusa mzigo wa kwanza moja kwa moja. Wa pili inaugusa kwa kuzunguka, kama vile habari usiyoitarajia kuhusu daktari wako inavyoweza kukutikisa ingawa bado unajua kwamba yupo. Mtu akiniambia kwamba imani yake imetikisika, swali langu la kwanza huwa hili: ipi kati ya hizo mbili?

Kuna jozi nyingine ya maneno, dai na hoja. Dai ni lile unalosema ni kweli. Hoja ni sababu ulizozipanga chini yake ili zilibebe, kama nguzo zinavyobeba paa. Ukigundua nguzo moja imeoza, umejifunza jambo kuhusu nguzo hiyo. Kuhusu paa bado. Huenda limeshikwa na nguzo nyingine, huenda linaegemea ukuta ambao hujawahi kuutazama, na huenda kweli litaanguka. Huwezi kujua mpaka uchunguze zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona nguzo imeoza akakimbia nje akipiga kelele kwamba nyumba imebomoka. Na mimi nilikimbia hivyohivyo.

Neno moja lililopigiwa mstari

Niliingia chuoni na hoja niliyojivunia. Niliijua tangu utotoni na niliamini hakuna wa kuijibu. Mwalimu alipoomba mtu ajitolee, niliinua mkono. Akaandika maneno yangu ubaoni, mstari mmoja baada ya mwingine. Kila kitu kina chanzo. Ulimwengu ni kitu. Kwa hiyo ulimwengu una chanzo, nacho ni Mungu.

Hakubishana nami. Alichukua chaki akapiga mstari chini ya neno la kwanza, "kila", akageuka kunitazama. "Kila kitu?" Nikasema ndiyo. "Na Mungu je?" Darasa likanyamaza. Nikisema Mungu naye ana chanzo, nimekwisha. Nikisema hana, basi sentensi yangu ya kwanza si kweli, maana kipo kisicho na chanzo. Niliketi. Usiku ule nilijaribu kusali na kila neno lilikuwa zito mdomoni.

Ilinichukua miezi kugundua kitu ambacho ningeambiwa siku ileile kama ningeuliza. Wanazuoni wakubwa waliotumia hoja hii hawakusema "kila kitu kina chanzo". Wanatheolojia wa Kiislamu, al-Ghazali miongoni mwao, walisema kila *kilichoanza kuwapo* kina chanzo. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, alipita njia tofauti: kitu ambacho kingeweza kutokuwapo kinahitaji kingine cha kukifanya kiwepo, na mnyororo huo hauwezi kueleweka bila kitu ambacho hakingeweza kutokuwapo. Thomas Aquinas, padri wa karne ya 13, naye hakuianza hoja yake kwa sentensi yangu. Nilikuwa nimeshindwa kuitetea hoja ambayo wenyewe hawakuitoa. Nilikuwa nimelia kwa sababu ya nguzo niliyoichonga mwenyewe.

Haki inataka niongeze kwamba hoja zao, ambazo ni imara kuliko yangu, nazo zina maswali yake. Tunajuaje kwamba ulimwengu ulianza? David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliuliza tumejuaje kwamba kila kinachoanza lazima kiwe na chanzo. Tumezoea kuona hivyo, lakini kuzoea ni jambo moja na kujua ni jingine. Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1781 akaongeza kwamba wazo la chanzo limekatwa kwa kipimo cha mambo tunayoyaona na kuyahisi, na hatuna kibali cha kulibeba hadi nje ya mipaka hiyo. Wapo waliowajibu, na mjadala unaendelea hadi leo. Kilichonishika mimi ni kwamba swali lililoninyima usingizi halikuwa mwisho wa njia. Lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Mwanazuoni aliyepotewa na yakini

Kama kuna mtu mmoja ambaye ningetaka kila kijana mwenye shaka amjue, ni al-Ghazali. Alizaliwa Tus, Uajemi, karibu na mwaka 1058, akafika kilele cha elimu ya dini mjini Baghdad. Aliandika maelezo ya maisha yake ya ndani kwa uwazi unaoshangaza hata leo.

Anasema lililomsukuma kwanza ni jambo alilolitazama tu: watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi hukua Wayahudi, wa Waislamu hukua Waislamu. Kama imani tunairithi kama tunavyorithi lugha, je, kuna aijuaye kweli? Hilo ndilo swali ambalo vijana wa leo hulitaja kana kwamba limevumbuliwa jana, "ungezaliwa kwingine ungeamini kingine," na hapo mwanazuoni wa dini alilibeba kifuani karne zaidi ya 9 zilizopita.

Akaamua kutafuta yakini, yaani ujuzi usioacha nafasi ya kukosea. Akatoa mfano ninaoupenda sana. Mimi najua kumi ni zaidi ya tatu, anasema. Mtu akija akaniambia kwamba tatu ni zaidi, na ili kuthibitisha akaigeuza fimbo hii kuwa nyoka mbele ya macho yangu, nitastaajabu jinsi alivyofanya, lakini kuhusu kumi kuizidi tatu sitatikisika hata kidogo. Alitaka yakini ya namna hiyo.

Akajaribu hisi. Macho yanaona kivuli kimesimama, kumbe kinasogea. Yanaona nyota ndogo kama sarafu, kumbe hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Basi hisi hazifai. Akajaribu akili. Lakini akili ndiyo iliyozihukumu hisi. Je, kama yupo hakimu mwingine juu ya akili ambaye hajatokea? Ndotoni tunasadiki mambo kabisa, tukiamka tunayaona hayana msingi. Tutajuaje kwamba huku kukesha kwetu si ndoto mbele ya kukesha kwingine? Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, kwa nje akiwa mtu wa kawaida, kwa ndani bila kitu cha kushika. Na alipotoka, anasema wazi, hakutoka kwa kupanga hoja. Alitoka kwa nuru ambayo Mungu aliitupa kifuani mwake.

Wengi huishia hapo. Lakini al-Ghazali alipatwa na msukosuko wa pili, nao ulikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1095, akiwa na wanafunzi wengi na jina kubwa, alijiuliza anafundisha kwa ajili ya nani, akaona kinachomsukuma ni sifa. Kwa karibu miezi 6 alivutwa huku na huku, hadi ulimi ukakataa: alisimama mbele ya wanafunzi na neno halikutoka. Chakula hakikupita. Mwishowe aliacha cheo akaondoka Baghdad.

Rudi kwenye mizigo miwili ya neno imani. Msukosuko wa kwanza uligusa mzigo wa kwanza: nini ni kweli, na najuaje? Wa pili haukuwa na shaka yoyote kuhusu kuwapo kwa Mungu. Uligusa mzigo wa pili: je, nimejiweka kweli mikononi mwake, au nasema tu? Na ukisoma kwa makini, huo wa pili ndio uliomlaza kitandani. Falsafa haikuuleta. Ulikuwa utamfika hata kama asingesoma ukurasa mmoja wa Wagiriki.

Baadaye watu walimchukua kama adui wa falsafa, kwa sababu aliandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa katika masuala 20. Lakini aliwapinga baada ya kuwasoma kwanza na kueleza mafundisho yao, na aliwapinga kwa silaha zao wenyewe, hoja kwa hoja. Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi huko Andalusia, Hispania ya Waislamu, katika karne iliyofuata, akamjibu. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukweli haupingani na ukweli: pale akili iliyothibitisha na maandiko vinapoonekana kugongana, maandiko yanahitaji kufasiriwa upya. Unaweza kukataa jibu hilo. Lakini huwezi kusema kwamba mmoja wa hawa wawili alikuwa mwamini na mwingine hakuwa.

Swali linalouma kuliko yote

Maswali ya chanzo cha ulimwengu huwasha kichwa. Swali la mateso huingia mifupani. Mungu akiwa na uwezo wote na wema wote, mateso yametoka wapi na kwa nini hayaondoi?

Ili kulielewa, inabidi tutenganishe matoleo mawili, maana watu hulichanganya kila siku. Toleo la kwanza linasema Mungu wa namna hiyo na mateso haviwezi kabisa kuwapo pamoja, kama vile mraba hauwezi kuwa duara. J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini, alilitetea kwa nguvu mwaka 1955. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akajibu katika miaka ya 1970 kwamba kama inawezekana tu kuwa viumbe wenye hiari ya kweli hawawezi kulazimishwa kutenda mema daima, basi mgongano ule wa mraba na duara haupo. Wanafalsafa wengi, wakiwemo wasioamini, wanaona toleo hilo limepoa tangu hapo.

Toleo la pili ni gumu zaidi. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe alitoa mfano mmoja mdogo. Radi inapiga mti katika msitu wa mbali, moto unawaka, na mtoto wa kulungu ananaswa, anaungua, analala kwa siku kadhaa katika maumivu kabla ya kifo kumpumzisha. Hakuna mtu anayemwona. Hakuna anayejifunza lolote. Hiari ya nani ililindwa hapo? Rowe hakudai kwamba mfano huo unathibitisha kuwa Mungu hayupo kama hesabu inavyothibitisha. Alisema unatupa sababu nzito ya kufikiri hivyo, na kwamba yaliyo mengi mno kama hayo hutokea.

Wanaoamini hujibu kwamba kutoona sababu si ushahidi kwamba sababu haipo. Mtoto mchanga anayechomwa sindano na daktari huku mama yake amemshikilia hawezi kuona kwa nini mtu anayempenda anaruhusu hilo. Jibu hilo lina uzito. Lakini lina gharama pia: tukisema sababu za Mungu ziko mbali namna hiyo, tutajuaje lolote kuhusu anachokitaka? Mimi nimelifundisha swali hili miaka mingi na bado huwa nafuta ubao polepole baada ya kipindi hicho. Sijui mwalimu mwaminifu anayelipita kwa wepesi.

Lipo na swali jingine la zamani ambalo nitalipitia haraka. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates, mzee wa miaka 70, alishtakiwa mjini Athens kwa kutoitambua miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Plato, mwanafunzi wake, anamwonyesha, akisubiri mambo ya mashtaka hayo, akizungumza na mtu aliyekuja kumshtaki baba yake mwenyewe akiwa na hakika kwamba dini inamtaka afanye hivyo. Kwa maneno ya leo, swali la Socrates ni hili: jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa sababu ni jema? Ukichagua la kwanza, inaonekana angeweza kuamuru ukatili nao ukawa wema. Ukichagua la pili, inaonekana wema una kipimo nje yake. Waamini wengi hujibu kwamba wema ni tabia ya Mungu mwenyewe, haukuamriwa wala hauko nje. Na swali hilohilo linamgeukia asiyeamini anayesema kwamba wema ni yale yaliyokubaliwa na jamii: basi jamii ikikubaliana kuwaonea wachache, je, ni wema?

Falsafa haina rafiki wa kudumu

Hapo ndipo wanaotamba hukosea. Kijana anayesema "mimi siamini chochote bila ushahidi" anadhani amevuka mto wote akiwa mkavu. Lakini aulizwe ushahidi wake kwamba kesho jua litachomoza. Atasema limechomoza kila siku. Hume atamuuliza: na kwa nini yaliyopita yawe shahidi wa yajayo? Akijibu kwamba siku zote yamekuwa hivyo, amezunguka akarudi pale alipoanzia. Aulizwe pia anajuaje kwamba mtu aliye mbele yake ana mawazo na maumivu ndani, na si mwili unaosogea tu. Anaamini, na anafanya vyema kuamini, lakini ushahidi wa aina aliyoudai hana. Wapo wanafunzi wangu wasio na dini ambao kipindi hicho huwatikisa kama vile kipindi cha mateso kinavyowatikisa wenye dini.

Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alitoa kisa cha mwenye meli. Meli imezeeka, yeye ana mashaka, lakini anajibembeleza: imesafiri mara nyingi, Mungu atawalinda abiria. Anafaulu kuamini. Inazama nao. Clifford anasema mtu yule ana hatia, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisa hiki kinauma kwa sababu ni kweli kwamba tunajibembeleza. William James, mwanafalsafa wa Marekani, akamjibu mwaka 1896: kuna maamuzi ambayo hayasubiri ushahidi ukamilike, ambayo kutochagua ni kuchagua, na ambayo yanabeba maisha yako. Hapo, anasema, moyo una haki ya kuamua pale ambapo akili peke yake haiwezi. Mimi naona wote wawili wanasema kweli kuhusu mambo tofauti. Clifford anatuonya dhidi ya kuikimbia shaka tuliyo nayo tayari. James anawazungumzia waliokwisha kuitazama usoni na bado wanatakiwa wachague.

Mambo yanayosemwa sana

Husemwa kwamba falsafa huzaa wakanamungu, na watu hunyoosha kidole kwa wanafalsafa wenyewe. Takwimu zipo. Uchunguzi mkubwa wa PhilPapers (tovuti ya maandiko ya falsafa) wa mwaka 2009, uliowauliza wanafalsafa wa vyuo vikuu, hasa vya nchi zinazotumia Kiingereza, ulikuta takriban asilimia 73 wanaelekea kukana kuwapo kwa Mungu na takriban 15 wanaelekea kukubali. Lakini miongoni mwa waliobobea katika falsafa ya dini, yaani hao wanaozichambua hoja hizi kila siku, takriban asilimia 72 walikubali. Usirukie hitimisho. Inawezekana waamini ndio wanaochagua tawi hilo tangu mwanzo, na inawezekana pia wasioamini ndio wanaovutwa na falsafa kwa jumla. Namba hizo hazituambii kwamba somo ndilo lililowageuza watu, upande wowote.

Kumbuka pia kwamba sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inamtaka anayejiandaa kwa upadri asome falsafa kwa muda wa miaka miwili kamili, pamoja na minne ya teolojia. Na Thomas Aquinas, anapouliza kama Mungu yupo, anaanza kwa kuandika sababu mbili za kusema hayupo: kwamba uovu upo, na kwamba mambo ya ulimwengu yanaonekana kuelezeka bila yeye. Anazitaja kwa nguvu zote, bila kuzidhoofisha, kisha ndipo anajibu. Mtu anayemficha mwanawe maswali haya kwa jina la dini anafanya kitu ambacho walimu wakubwa wa dini hawakufanya.

Jingine linalosemwa ni kwamba shaka ni kinyume cha imani. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kina maneno mawili, shaka na wasiwasi. Shaka ina swali ndani yake. Unaweza kuliandika kwenye karatasi, ukalitafutia majibu, ukalinganisha. Wasiwasi hauna swali. Unarudi saa nane usiku ukiwa na hofu tupu, na ukiujibu unabadilisha sura. Mwanafunzi akinijia akiwa amechanganyikiwa, humpa kalamu nimwombe aandike shaka yake kwa sentensi moja. Anayeweza kuandika, tunaanza kazi. Asiyeweza, mara nyingi hahitaji kitabu usiku huo. Anahitaji kulala, au mtu wa kukaa naye.

Na wapo wanaohitimisha kwamba falsafa haina majibu, kwa hiyo kila mmoja abaki na lake. Hilo halitokani na falsafa hata kidogo. Kushindwa kwa hoja yangu ubaoni kulikuwa kushindwa kwa kweli, kila mtu darasani alikuona, na aliyesema baada yangu hakuruhusiwa kuirudia. Maswali makubwa hayajafungwa, lakini majibu mabovu mengi yamefungwa na hayafunguki.

Lisilosemwa

Sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Wapo wanaosoma falsafa wakaacha dini, na baadhi yao wameacha baada ya kufikiri kwa uaminifu mkubwa. Wapo waliobaki, na imani yao leo haifanani na ile waliyoingia nayo: ina maneno machache zaidi na uvumilivu zaidi. Wapo walioondoka wakarudi. Mwingereza Antony Flew, aliyetetea ukanamungu kwa miongo mingi, alitangaza mwaka 2004, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, kwamba sasa anakubali kuwapo kwa Mungu muumba, ingawa hakujiunga na dini yoyote. Hakuna njia moja.

Kinachoumiza zaidi, kwa nilivyoona, hutokea nje ya darasa. Imani haishikwi na kichwa peke yake. Inashikwa na nyimbo unazozijua kwa moyo, na saa za sala, na sauti ya bibi yako akikutajia jina katika dua. Kijana anapoanza kuhoji, anahofia kupoteza hayo yote kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba angeweza kuishi bila jibu, ila hakuweza kuishi bila mtu wa kumwambia kwamba hana jibu. Nyumbani angeonekana amepotea. Kwa marafiki wapya angeonekana mshamba kwa kuwa bado anasali. Kwa hiyo alinyamaza pande zote mbili, na ukimya ule ulimfanyia ubaya ambao hoja zote za Hume hazikumfanyia.

Ndiyo maana nilimwambia yule mama kwamba swali la mwanawe mezani lilikuwa habari njema kuliko alivyodhani. Alikuwa bado anauliza nyumbani. Nilimwomba asimpelekee kwanza mhubiri wala asimnunulie kitabu. Amuulize jambo moja tu: "Hoja ipi hasa, mwanangu, iliyokushika?" Kisha asikilize mpaka mwisho, hata asipoielewa, wala asiharakishe kumjibu.

Baada ya wiki moja simu ikaita tena, saa ileile ya usiku. Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amemuuliza, na kijana alizungumza hadi chakula kikapoa. Sasa alikuwa na shida moja.

"Mwalimu," akasema, "yule mtoto wa kulungu. Tangu juzi namfikiria. Wewe unamjibuje?"

Nikavuta kiti nikakaa.